Yasiguswe Hadi Mkaguzi Afike

2 Aprili

Mkwe wangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi. Si adabu baba mkwe kumsumbua mume wa bintiye kwa mambo ya ofisi, na kama marehemu mama mkwe wako angekuwa hai, angeninyang'anya kalamu. Lakini wewe ndiwe Afisa Tathmini katika Ofisi ya Maafa, nami ndimi katibu wa kamati ya waathirika katika kata hii, na sina mlango mwingine wa kubisha.

Mto ulivunja kingo tarehe kumi na nne Machi, ukalala juu ya mashamba yetu siku tatu. Nyumba arobaini na moja zimepoteza viazi vilivyobakiza wiki mbili kuvunwa. Siku tatu baada ya maji kupungua tulipokea waraka wa ofisi yenu. Aya yake ya tatu inasema kwamba ili malipo ya maafa yatolewe, mashamba yaliyoharibika na mizoga yote visiguswe hadi mkaguzi afike, apime na kuhesabu. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba waraka wa serikali husomwa mara tatu na kutekelezwa mara moja. Niliusoma mara tatu mbele ya kamati. Tangu siku hiyo natembea kutoka shamba hadi shamba kuhakikisha kwamba unatekelezwa.

Nikupe mfano ili ujue kwamba hatukufanya mzaha. Yupo jirani yangu wa bondeni, Mama Pacha, mjane kama nilivyo mjane, aliyekodi nusu ekari kando ya barabara. Nilimkuta amekwisha kufukua matuta mawili.

"Katibu, hivi vinaoza," akaniambia.

"Naviona, mama."

"Basi naviondoa, niokoe vilivyo vizima."

Nikavaa miwani nikamsomea aya ya tatu. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi akisoma gazeti.

"Hata hivi vilivyokwisha kuwa uji?"

"Hata hivyo."

Nikamwomba, kwa upole, avirudishe tutani kama vilivyokuwa. Alivirudisha, Mkwe wangu, kimoja kimoja, kwa mikono, na vingine vikampasukia viganjani. Binti zake mapacha walikaa ukingoni wameziba pua, wakicheka. Mimi nilisimama hapo hadi tuta la mwisho likafukiwa, nikaandika katika daftari: "Limerekebishwa."

Kwa upande wangu, ng'ombe wa marehemu alikufa maji akiwa amefungwa. Nimemfunika kwa turubai na kuweka mawe pembeni. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Naomba tu kujua, bila kukuharakisha, mkaguzi atafika siku gani. Msalimie binti yangu. Uniwie radhi kwa urefu wa barua.

Baba mkwe wako,
Katibu

*

11 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata na nimefurahi sana. Huwezi kuamini, nimeisoma kwenye kikao na Mkurugenzi mwenyewe akapiga meza akasema, "Hiki ndicho tunachotaka!" Kata nyingine watu wamevuruga kila kitu, wengine wamelima, wengine wamezika ng'ombe halafu wanaleta mkia kwenye mfuko wa plastiki eti huu ndio ushahidi. Nyinyi ni kama peke yenu mmebaki vilevile.

Kwa hiyo Baba, endelea kukaza kamba. Hasa yale mashamba yanayoonekana kutoka barabarani. Mtu asiguse hata jani. Ratiba ya ukaguzi iko mbioni, nitakujulisha.

Binti yako hajambo, anakusalimu. Tumeanza kujenga uzio.

Mkweo

*

20 Aprili

Mkwe wangu mpendwa,

Asante kwa majibu yako na kwa salamu za Mkurugenzi, ambazo niliwasomea wanakamati. Walipiga makofi, ingawa kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa puani.

Niwie radhi, kwa maana yafuatayo si maneno ya kusomwa karibu na chakula. Kiazi kinapooza ardhini hakikauki. Huvimba, hulainika, kisha hutoa maji meupe mazito yanayonata kama usaha, na harufu yake haifanani na kitu chochote nilichopata kukinusa katika miaka sabini na mitatu, nami nimemuuguza mgonjwa hadi mwisho wake. Harufu hii hulala na mtu. Nimeikuta katika mto wa kulalia, katika chai, na katika kitabu cha nyimbo. Inzi wamekuwa wengi kiasi kwamba darasani watoto huandika kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Mvua ikinyesha, matuta hutoa povu. Ng'ombe sitamweleza, ila turubai sasa linatikisika hata pasipo upepo. Ni funza.

Fundi baiskeli wetu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, amesema mbele ya watu, "Serikali ikichelewa wiki moja zaidi, mkaguzi atakuja kutuhesabu na sisi." Nilimkemea. Baadaye nilipokuwa peke yangu nilitamani nisingemkemea.

Sababu hasa ya kuandika ni Mama Pacha. Mwenye shamba amemwambia waziwazi: ikiwa ifikapo tarehe kumi na tano Mei nusu ekari ile haijapandwa, atamkodishia mtu mwingine, kwa kuwa hapangishi uvundo. Mvua za maharage zinaishia hapohapo. Asipopanda sasa hatakuwa na mavuno, wala shamba, wala mahali pa kuanzia mwakani.

Je, ingewezekana, kwa hisani yako, aruhusiwe kulisafisha shamba lake peke yake? Nitaandika maelezo kamili ya hasara yake na kuyathibitisha kwa saini za mashahidi watatu. Ikiwa ombi hili linakuweka pabaya kazini, lihesabu kama halikuandikwa.

Baba mkwe wako

*

25 Aprili

Baba, shikamoo.

Hapana, Baba, la Mama Pacha haliwezekani kabisa, tena lake ndilo zuri kuliko yote, liko pale pale kwenye kona. Mwambie avumilie kidogo.

Habari njema: tarehe 30 mtapata wageni. Ni ujumbe mzito, wahisani pamoja na Mheshimiwa, na waandishi wa habari. Mimi nitabaki huku nimebanwa na taarifa, lakini vijana wa ofisi watakuja. Naomba unisaidie mambo machache:

Watu wasimame kila mmoja shambani kwake kuanzia saa mbili asubuhi. Wasivae nguo za kanisani, wavae za kazi. Mama Pacha awe mbele na wale watoto wake. Turubai la ng'ombe liondolewe asubuhi hiyo ili aonekane. Na yule Redio wako mtafutie kazi mbali na hapo.

Hii ndiyo hatua yenyewe, Baba. Fomu zinafuata nyuma.

Mkweo

*

2 Mei

Mkwe wangu,

Ninakuandikia taarifa ya ziara, kwa kuwa hukuweza kufika.

Watu walisimama tangu saa mbili kama ulivyoagiza. Wageni walifika saa saba kasorobo, magari saba. Waliteremka wamevaa mabuti ya mpira mapya, mengine yakiwa bado na kibandiko cha bei kisiginoni. Kila mmoja alipewa kitambaa chenye manukato cha kuzibia pua. Sisi hatukupewa, na wala sikutarajia tupewe.

Mpiga picha alikwenda moja kwa moja kwa Mama Pacha.

"Mama, kiokote hicho. Kipandishe kidogo. Hapo hapo. Sasa kibonyeze."

"Nikibonyeze?"

"Kibonyeze kitoe maji."

Akakibonyeza. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Tena. Jua lilikuwa nyuma."

"Kaka, hiki kimeisha," akamwambia. "Nikuokotee kingine, au nikupake hiki hiki?"

Redio, ambaye nilimtuma sokoni na hakwenda, alicheka kwa sauti, na mmoja wa vijana wa ofisi yako akamtishia kwa kidole. Mama Pacha akabonyeza vinne. Mapacha waliambiwa wasicheke, wakaambiwa tena, mwishowe mmoja akalia, na picha ikapigwa upesi upesi.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, alipofika kwa ng'ombe alikwenda nyuma ya gari akatapika. Huyo hakupigwa picha. Mwingine aliniuliza tunajisikiaje. Nilimjibu kwamba tunashukuru. Nimelikumbuka jibu hilo kila nilipojaribu kula tangu siku ile, na sikumbuki kama kuna neno nililopata kulisema likanitia kinyaa zaidi.

Kisha walikula chakula cha maboksi ndani ya magari, vioo vimepandishwa. Mifupa ya kuku waliitupa mtaroni, maboksi wakayaacha barabarani. Walikaa nasi dakika arobaini.

Naomba unisaidie jambo moja ambalo labda macho yangu ya kizee hayakulibaini. Sikuona utepe wa kupimia. Sikuona fomu. Hapana aliyeuliza jina la mtu yeyote, hata la Mama Pacha. Je, ule ulikuwa ukaguzi, au ukaguzi unakuja baadaye? Zimebaki siku kumi na tatu.

Baba mkwe wako

*

6 Mei

Baba, shikamoo.

Ziara ilikuwa moto wa kuotea mbali! Picha ya yule mama na kiazi imetoka kila mahali. Mkurugenzi ameniita "bwana picha". Ahadi zimeingia ambazo hatujawahi kuona.

Nakuelewa kuhusu utepe. Lakini Baba, mimi nimeijua hii kazi. Wanaotoa hela hawasomi takwimu. Ukiwapelekea jedwali wanapiga miayo, ukiwapelekea uvundo wanafungua pochi. Ndivyo dunia ilivyo, sikuitengeneza mimi. Ukaguzi siku hizi unafanyika kwa sampuli, msiwe na wasiwasi.

Sasa, kuna kundi la pili tarehe 24. Hawa ndio wakubwa kuliko wale. Naomba muwashikilie watu wiki mbili na nusu nyingine, hali ibaki vile vile.

Kwenye bahasha nimekuwekea kitu kidogo kwa usumbufu wako. Pia kuna karatasi ya posho ya waathirika waliohudhuria, mistari 41. Wajazie majina wote na uwasainie mwenyewe, mwandiko wako ni mzuri na unajua kuubadilisha badilisha. Ni mambo ya mahesabu tu, irudishe kabla ya Ijumaa.

Mkweo

*

7 Mei

Katibu, shikamoo.

Naandika kwa sababu nikija mlangoni utanipa kiti, utaniuliza watoto hawajambo, mwishowe nitaondoka sijasema nilichokuja kusema.

Nimesikia kuna wageni wengine na sisi tukae hivihivi. Mimi sikai. Zimebaki siku nane. Mwenye shamba alipita jana, hata hakushuka kwenye baiskeli, akaniambia, "Siku zako nazihesabu."

Nilivirudisha vile viazi kwa mikono yangu kwa sababu ulisema wewe. Angesema mtu mwingine ningemtupia usoni. Nilisema huyu mzee kasoma, huyu hasemi uongo, na mkwe wake yuko huko huko ofisini. Wiki mbili mikono yangu ilinuka, mapacha walikataa niwalishe.

Nakuuliza swali moja. Jina langu liko kwenye karatasi ya mtu yeyote huko, ndiyo au hapana? Usinijibu kwa waraka.

Wako jirani wa chini,
Mama Pacha

*

9 Mei

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Barua hii ukishaisoma ichome. Sijawahi kukuandikia jambo kwa siri ya mume wangu.

Juzi alikuja rafiki yake wa ofisini. Mimi nilikuwa jikoni nao wako sebuleni. Nikamsikia mume wangu anasema, "Mzee wangu kule analinda viazi vilivyooza kama sadaka ya kanisa. Nikimwambia avipake mafuta, atavipaka." Wakacheka, Baba. Nilikuwa nimeshika sinia la chai yao. Nikawapelekea, wakanishukuru.

Rafiki alipoondoka nilimwuliza mume wangu lini mtalipwa. Akasema nisiingilie. Nikang'ang'ania hadi akaniambia. Orodha ya malipo ilifungwa tarehe 28 Machi, Baba. Kabla hata hujamwandikia barua ya kwanza. Zilitakiwa kata kumi na mbili na yetu ilikuwamo. Akaitoa yeye. Anasema watu wangesema anapendelea ukweni, na yeye anataka cheo mwaka huu. Kwa hiyo mezani pale pale aliandika kwamba hasara yenu ni asilimia thelathini, na malipo huanzia hamsini. Hakuna mkaguzi aliyekuja na hakuna atakayekuja.

Mmeachwa hivyo kwa sababu mko karibu na lami, magari ya wageni hayakwami. Na ile aya ya tatu aliitunga yeye.

Anasema hajaiba hata senti moja, na nadhani anasema kweli, ndiyo sababu analala vizuri. Mimi silali. Limeni, Baba. Wala usimwambie umejuaje.

Bintiyo

*

10 Mei

Mama Pacha,

Jibu ni hapana. Jina lako haliko, wala la mtu yeyote wa kata hii, nami nilikudanganya pasipo kujua kwamba nadanganya. Kutojua kwangu hakukukusaidia kitu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa shambani kwako na jembe. Ukinifukuza, nitakuwa barabarani.

Katibu

*

14 Mei

Kwa Afisa Tathmini,
Ofisi ya Maafa

Bwana,

Narejesha bahasha yako kama ilivyokuja, pamoja na karatasi ya posho. Sikuijaza. Waathirika arobaini na mmoja wana mikono yao wenyewe, ingawa kwa sasa si safi.

Nakuarifu kwamba kata hii imeguswa. Nilifikia uamuzi huo kwa kutumia macho yangu na kalenda: mtu anayekusudia kulipa hupima, na miezi miwili imepita pasipo mtu kupima. Hapana aliyeniambia neno.

Tarehe kumi na moja niliitisha kamati shambani badala ya ofisini. Niliwaeleza kwamba hapatakuwa na malipo na kwamba mimi ndiye niliyewashikilia. Nilitarajia matusi. Badala yake Redio akasema, "Sasa tunangoja nini, mpiga picha?" Tukaanza.

Nilianzia kwa Mama Pacha. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Alinionyesha matuta mawili, unayajua ni yapi, akaniambia, "Haya ni yako, mzee. Na jembe weka pembeni, litavipasua." Nikapiga magoti nikavitoa kwa mikono. Vilikwisha kuwa ute na maganda, na ndani yake funza weupe wanene waliopanda hadi kwenye mikono ya shati. Nilitapika mara mbili na kuendelea. Yeye alinipita akibeba ndoo, akasema tu, "Bado lile la pili." Kila kitu kilikwenda shimoni, tukanyunyiza majivu na chokaa.

Ng'ombe wa mke wangu nilimzika jioni. Nilipoliondoa turubai palikuwa na ngozi, mbavu, na kamba aliyofungiwa. Huyu ndiye mnyama uliyetaka aonekane. Mke wangu alikuwa akimwimbia wakati wa kumkamua. Mimi nilimfanya maonyesho kwa siku hamsini na nane, kwa sababu ya aya iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa hata mara moja tangu mafuriko.

Uliniandikia kwamba wanaotoa fedha hufunguliwa pochi na uvundo. Huenda ni kweli. Lakini wewe ulikuwa ukijua kwamba fedha hizo hazitufikii, na bado ukamwomba mama yule asimame mbele na watoto wake. Nimelitafuta jina la tendo hilo katika maneno yote ya heshima ninayoyafahamu, sikulipata.

Mbegu za maharage nilizokuwa nimejiwekea zimetosha nusu ekari yake, zikabaki vikombe viwili. Alimaliza kupanda jana saa kumi jioni.

Wako katika kazi,
Katibu

*

18 Mei

Baba,

Nimeshangazwa na lugha yako. Nimeheshimu ukwe wetu kwa kila njia na hivi ndivyo unavyonilipa. Unajua umenifanyia nini? Wageni wanafika tarehe 24, tiketi zimekatwa, ratiba imechapishwa. Nimwambie nini Mkurugenzi?

Nakusihi kama mtoto anavyomsihi mzazi: tafuta hata shamba moja tu ambalo halijasafishwa, si lazima liwe kubwa, mradi lionekane kutoka barabarani. Au mizoga. Chochote.

Na kama kuna mtu wa nyumbani kwangu aliyekueleza mambo, ni bora uniambie.

Mkweo

*

25 Mei

Mkwe wangu,

Nakujibu la mwisho kwanza. Hapana mtu wa nyumbani kwako aliyenieleza lolote. Nimekula kiapo mara mbili tu maishani, siku ya ndoa na siku ya kustaafu, na niko tayari kuapa mara ya tatu juu ya jambo hili. Binti yangu akitaka kuja kupumzika huku, chumba chake kimepigwa chokaa na hewa sasa inavutika.

Mwenye shamba alikuja tarehe kumi na tano. Alishuka kwenye baiskeli, akatembea matuta yote, akachokonoa udongo kwa kidole akaiona mbegu. Mkataba umesainiwa kwa mwaka mmoja.

Wageni wako walifika jana. Walisimama kwenye kona wakitazama nusu ekari yenye mistari ya maharage yaliyotoa majani mawili mawili, na nyuso zao zikaanguka. Katika maisha yangu sijapata kuona watu wazima wakisikitika kwa sababu shamba limeota.

"Maafa yako wapi?" akauliza mmoja wao.

"Mmechelewa," Mama Pacha akamjibu. "Tumeshazika."

Kijana wa ofisi yako akamvuta pembeni, akamwuliza kama hapakubaki hata rundo dogo, mahali fulani, la kupigia picha. Mama Pacha akampeleka hadi shimoni. Akachukua jembe, akampa mpini.

"Limo humo lote. Fukua."

Kijana akalishika jembe kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Wageni wakamtazama. Akaliweka chini polepole, akajifuta mikono. Kisha nikamsikia akimwuliza dereva kama iko kata nyingine. Dereva akamjibu kwamba iko moja, mwendo wa saa mbili, ng'ambo ya daraja, na bado haijaguswa. Wakapanda magari.

Mimi si katibu tena. Kamati imemchagua Mama Pacha, kwa kura arobaini. Kura ya arobaini na moja ni yake, aliiharibu kwa makusudi, kwa kuwa anasema hana muda wa vikao.

Baba mkwe wako

*

25 Mei

Kwa Katibu wa Kamati ya Waathirika,
Kata ya ng'ambo ya daraja

Ndugu Katibu,

Hatujuani, nami naomba radhi kwa kukuandikia bila kutambulishwa.

Nasikia nanyi mlipokea waraka wenye aya ya tatu, na kwamba mmeutii. Nadhani wewe ndiwe uliyewasomea watu. Nadhani pia kwamba wapo walioanza kusafisha ukawazuia, kwa upole, ukiwa na miwani na daftari. Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu nilifanya hivyo hivyo, na najua jinsi mtu anavyojiona mwadilifu anapofanya hivyo.

Wageni walioondoka kwetu jana nadhani wamekwisha kufika kwenu, nanyi mtaambiwa kwamba wengine wanakuja. Watakuja kweli. Mtaambiwa kwamba fomu zinafuata nyuma. Waulizeni, kabla hamjasimama juani, orodha ya malipo ilifungwa tarehe gani, na kata yenu imeandikiwa asilimia ngapi. Wakikosa jibu, hilo ndilo jibu.

Msingoje jibu hilo kwa kukaa. Zikeni mizoga leo. Chimbeni mashimo mbali na kisima, kina cha urefu wa mtu, na kila tabaka litiwe majivu au chokaa. Msifanye kazi hiyo kwa mikono mitupu. Maharage ya muda mfupi bado yanaweza kuwahi mvua kwenu, kwa kuwa bonde lenu hukauka baada ya letu.

Anayekuletea barua hii ni katibu wetu mpya. Amekuja na vikombe viwili vya mbegu, ndivyo tulivyobakiwa navyo. Ana maneno makali, lakini msikilize yeye kuliko mimi, na tafadhali usimpe kiti, ana haraka ya kukuonyesha pa kuchimba.

Jirani yako wa mbali